Shingo ya Presi

Zimeni kwanza hiyo redio, na mmoja wenu afunge dirisha la upande wa karakana, kwa sababu leo sina sauti ya kushindana na nyundo za watu. Nimewaita watatu na mmekuja watatu, hilo peke yake ni la kushukuru, maana huyu Mwalimu nimemzaa mimi lakini kumpata siku ya kazi ni shida kuliko kumpata mkaguzi wa shule. Kaeni. Wewe binti yangu mkubwa usisimame hapo na mikono yenye grisi kama mtu aliyepita kuuliza hali, vuta kigoda ukae, wateja watangoja. Na wewe, binti wa mdogo wangu, weka hicho kikombe upumzike; miezi saba umeninywesha, umenigeuza, umenifulia mashuka bila kukunja uso, na siku daktari aliposema zimebaki siku za kuhesabu, wewe ndiye uliyetoka nje kulia wakati wanangu wa kuzaa wanaulizana nani atapiga simu kwa nani. Siwalaumu. Kaa hapo hapo, mama, maana mengi ya leo ni yako.

Akili zangu ninazo. Homa ilikuwa juzi, na juzi kweli nilimwita Mwalimu kwa jina la marehemu mama yake, mkacheka mkidhani sisikii. Leo sina homa. Kwa hiyo, Mwalimu, nikifika mahali pabaya usianze kumkonyeza dada yako kwamba mzee anaweweseka, kwa sababu nakujua, wewe jambo usilolipenda hulitafutia maelezo upesi ukalifunga kama daftari. Nisikilizeni mpaka mwisho, na mkiona nimenyamaza mjue navuta pumzi, sijamaliza.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ni yenu wawili, na isiuzwe maadamu mmoja wenu hana pengine pa kulala. Kiwanja cha nyuma ni cha Mwalimu, ajenge au akiachie majani, shauri yake. Karakana na kila kilichomo, vaisi, jenereta, mashine ya kuchomelea, spana zote mpaka zile zilizopinda, ni ya binti yangu, na hapo sitaki mtu anune, kwa sababu huyu amefanya kazi na mimi tangu amalize shule na viganja vyake vimekuwa vigumu kuliko vyangu, wakati mdogo wake mpaka leo ukimtuma spana namba kumi na tatu anakuletea koleo. Chumba cha uani anacholala mwana wa mdogo wangu ni chake. Sisemi anakaa kwa hisani. Ni chake, na ufunguo ni wake, hata akiamua kutokanyaga hapa tena maisha yake yote.

Imebaki presi.

Najua mmeshapanga. Najua Jumatatu yule mwenye malori ya kokoto analeta habu mbili za magurudumu zenye beringi zilizong'ang'ania, na wewe binti yangu umeshamwambia kwamba presi ya babu imefufuka na kazi itafanyika kwa mkono kama zamani. Nilikusikia ukimwambia kwenye simu, hapo nje ya dirisha, kwa majivuno ambayo ni yangu kabisa. Nasema hapana. Presi ile isikandamize hata msumari. Tulia, usiinuke. Nitakupa sababu, na nikishakupa utatamani ningekukatalia bila sababu.

Presi ile baba yangu aliinunua kwenye karakana ya reli iliyokuwa inafungwa, ikaletwa kwa mkokoteni na watu sita. Umbo lake mnalijua: mwili mmoja wa kasti, chuma cha kumimina, umesimama wima halafu ukapinda mbele kama mtu aliyeinamisha kichwa, skrubu nene inashuka kutoka kichwani, na juu kabisa kuna mpini mrefu wa kuizungushia. Unasukuma mpini, skrubu inashuka, beringi inatoka kwenye habu yake. Uzito wote wa kazi hiyo unabebwa na shingo, pale mwili unapopinda. Na kasti si chuma cha kirafiki. Chuma cha kawaida kikizidiwa kinakunja mgongo, unaona, unaacha. Kasti haikunji kitu, inakaa hivyo hivyo na uso wake ule ule mpaka siku inapokatika. Ndiyo maana baba aliweka sharti moja tu katika karakana yake yote, kwamba mpini unasukumwa kwa mikono mitupu, hakuna kuuchomekea bomba ili kuurefusha. Fundi yeyote anaijua tamaa hiyo. Unachukua bomba la mita moja, unalichomeka kwenye mpini, na mtu mmoja unakuwa na nguvu za watu wanne. Baba alisema mikono ikishindwa, mrudishie mteja kazi yake na umwambie imenishinda. Aliyasema hayo kwa urahisi kwa sababu yeye hakuwa na kiburi, mimi ninacho.

Baba alipofariki nikalirithi sharti lile na kulikaza kuliko yeye. Mafundi walinichukia kwa hilo na nikafurahia kuchukiwa. Lakini mdogo wangu, baba mdogo wenu, baba yako wewe, mama, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa na haraka, anaimba kazini, anamtania mteja mpaka mteja anasahau kulalamika. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu. Watu walikuwa wanaingia karakana yangu wananipita mimi wanamuuliza yeye, na mimi nilikuwa nakohoa ili wajue nipo. Siku moja nikamkuta ameokota bomba kwenye lundo la vyuma, hajalichomeka popote, amelishika tu. Nikamgombeza mbele ya wateja mpaka mate yakanitoka, nikamwita mvunjaji wa mali ya baba. Akacheka, akalitupa, akasema, "Kaka, nilikuwa napima urefu wake tu." Watu wote wakacheka naye. Kuanzia siku hiyo karakana nzima ikamwita Bwana Bomba, na yeye, kwa vile hakuwa mtu wa kinyongo, akawa anaitika.

Haikupita wiki. Asubuhi moja yeye alikuwa amekupeleka wewe kliniki, ulikuwa mtoto wa kubebwa, na mafundi wawili tuliokuwa nao wametoka kwenda kuvuta gari lililoharibika njiani. Likaja lori la mawe, habu ya nyuma imekufa. Nikaiweka kwenye presi, nikasukuma mpini, ikagoma. Nikasukuma tena mpaka nikaona nyota. Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu mikono mfukoni, akasema, wala hakusema kwa ubaya, "Mdogo wako yuko wapi? Yule angekuwa ameshaitoa." Kisha akavuka barabara kwenda kununua sigara.

Basi nikachukua bomba. Lile lile alilolitupa mdogo wangu, lilikuwa bado liko juu ya lundo. Nikalichomeka, nikaegemea kwa kifua. Beringi ikatoka, na ilipotoka nikasikia *tik*, sauti ndogo kama ya kijiti cha kiberiti kukatika. Nilijua kabla ya kutazama. Nilipopitisha kidole ndani ya shingo, pale pasipoonekana mpaka uiname, kucha ikakwama. Ufa wa urefu wa kidole. Nikachomoa bomba, nikalisimamisha ukutani nyuma ya presi. Dereva aliporudi akaniona nafuta mikono, akanisifu, nami nikapokea sifa.

Ningeweza kusema siku ile. Nataka mlielewe hilo vizuri, kwa sababu nimetafuta kisingizio kwa miaka ishirini na nne na sijakipata. Hakuna aliyenishika, hakuna aliyenitisha. Nilitakiwa kumwambia mdogo wangu, "Nimevunja sharti, presi ina ufa, tusiiguse." Maneno machache tu. Lakini nilikuwa nimemwita mvunjaji mbele ya watu siku nne tu nyuma, na nilipofikiria jinsi atakavyocheka, maana angecheka, angenipiga bega na kuniita mimi ndiye Bwana Bomba, nikaona bora nife. Nikapaka grisi nyeusi juu ya ufa. Nikasema nitamwambia Ijumaa. Ijumaa kazi zikawa nyingi.

Siku ya nane baba yako alikuwa anaingiza bushi, ile pete ya chuma, mahali pake. Kazi ndogo, ya mikono mitupu. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye mpini, wa kulia chini, ameishika bushi isiyumbe. Mimi nilikuwa kwenye vaisi, nimempa mgongo. Shingo ikakatika, kichwa cha presi na skrubu yake na mpini wake vyote vikamwangukia mkononi.

Nipeni maji. Taratibu. Basi.

Sitawaelezea mkono ule. Ninachotaka mkijue ni hiki: tulipokwisha kumtoa, kabla gari halijapatikana, amelala sakafuni mafundi wamemshika, alinitafuta kwa macho akasema, "Kaka, sikuweka bomba." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alijua tu kwamba ndilo litakalokuwa swali. Na mimi nikainua macho, nikaliona lile bomba limesimama ukutani nyuma ya presi, pale pale nilipoliweka kwa mkono wangu, na watu wote wakatazama nilikotazama. Nikasema, "Na hili limekuja lenyewe?"

Ndiyo. Mimi huyu. Ninyi mmekua mkiambiwa kwamba baba mdogo aliponzwa na haraka zake. Mlikuwa wadogo, mlisikia kwa watu, na watu walisikia kwangu.

Mkono ulipona ukiwa haukunjiki. Fundi asiye na mkono wa kulia hana karakana, basi akaenda kulinda geti la ghala, miaka na miaka, anafungua na kufunga kwa mkono wa kushoto, na nyimbo zake akaziacha hapa. Nilipita pale geti mara moja tu. Alinipigia saluti kwa mzaha. Sikupita tena, nikawa nazunguka kwa njia ya mbali hata nikiwa na mzigo.

Mwaka wa pili akaja hapa nyumbani, yeye na mkewe na wewe umeshaanza kutembea. Mama yenu alikuwa hai, aliwatandikia mkeka. Baba yako alikuwa amefikiria sana kule getini, mtu akikaa peke yake anafikiria mno. Alikuwa ameirudia siku ile kichwani mpaka akaacha kujiamini. Akasema labda alisahau, labda siku moja nyuma aliwahi kuchomeka bomba kwa haraka asikumbuke, kwa sababu chuma hakikatiki bila sababu na kaka yake hawezi kumsingizia. Alisema hivyo, kwamba mimi siwezi kumsingizia. Kisha akapiga magoti na ule mkono wake umening'inia, akasema, "Kaka, nimevunja mashine ya baba. Nisamehe."

Nikamsamehe.

Niliinuka kitini, nikamshika mabega, nikasema yamekwisha, sisi ni damu moja. Mama yenu alilia kwa furaha. Majirani waliposikia wakaja kunishika mkono, na mpaka leo kukiwa na ndugu waliogombana mtaa huu wanaambiwa waje kwangu, kwa sababu mimi ndiye mzee aliyemsamehe mdogo wake. Kilemba cha ukoka hicho nimekivaa miaka ishirini na miwili, na nimewapatanisha watu nikiwa nacho.

Alipofariki miaka mitatu iliyopita, mkewe aliniambia kwamba mwisho wake alikuwa ametulia, akasema hana deni na mtu kwa kuwa kaka alimsamehe. Na wewe, mama, uliniambia mwenyewe siku ya kwanza ulipokuja kuniuguza, ukiwa unakunja mashuka hapo hapo ulipokaa, kwamba baba yako alikuusia: baba yako mkubwa akianguka usimwache, yeye aliniinua. Niligeuza uso ukutani ukadhani ni maumivu.

Baada ya kumzika ndipo nilipoanza na presi. Mnakumbuka, mlicheka. Ilikuwa nyuma ya karakana chini ya mabati, vipande viwili, majani yameota kwenye tundu la skrubu, na mimi mzee wa miaka sabini na mbili naikwangua kwa brashi ya waya. Mwalimu akasema ni vizuri, wazee wanahitaji shughuli. Nilikuwa nimejiambia kwamba ikisimama tena nzima, nitakuwa nimerudisha kitu. Sikujua nani nitamrudishia, aliyenidai alikuwa ameshazikwa, lakini mikono haikutaka kukaa bure. Skrubu niliiloweka kwenye dizeli na oili chafu siku arobaini ndipo nati ya shaba ikakubali kusogea. Mpini niliunyoosha. Kutu niliitoa kwa msasa mpaka namba za kiwanda zikasomeka. Hayo yote yalikuwa kazi ya subira, na subira niliipata uzeeni, haina kazi tena.

Shingo ndiyo iliyokataa. Mara ya kwanza nilimpa mchomeleaji wa mtaa wa nyuma, akaiunganisha nusu saa ikiwa baridi, akajisifu, na kabla hajamaliza kukunja nyaya zake ikalia na kuachana. Mara ya pili nikaipasha moto mwenyewe kwa mkaa, nzima nzima, kwa sababu kasti ukiipasha upande mmoja upande wa pili unaona wivu; nikachomelea kidogo kidogo, nikaizika kwenye majivu ipoe polepole. Siku ya pili nikashindwa kuvumilia nikafukua. Ikakatika mbele ya macho yangu, kando tu ya mshono. Mara ya tatu niliizika siku nne, nikakaa juu ya kigoda kuilinda kama ninavyolindwa mimi sasa. Nilipoitoa ilikuwa imeshika. Wewe binti yangu uliutazama mshono ukasema, "Baba, hujawahi kuchomelea hivi maisha yako yote." Na ilikuwa kweli.

Sasa sikieni. Wiki tano zilizopita, kabla sijalazwa kitandani moja kwa moja, mchana wewe binti yangu ulikuwa umekwenda kununua beringi mjini. Nilitaka kuipaka rangi siku ile. Kabla ya rangi nikaigonga shingo kwa nyundo ndogo, na badala ya kulia kama kengele ikasema *du*, kama ukuta wa udongo. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta ikakauka, nikapaka chaki. Unaijua kazi hiyo, nilikufundisha: mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanatoka na kulowesha chaki. Nikangoja. Mstari ukatokea, taratibu, kutoka chini ya mshono kwenda ndani. Urefu wa kidole.

Nilikaa chini sakafuni, na ndipo wewe mwana wa mdogo wangu ukaingia na uji wangu. Ukaiona imesimama, mpini juu, skrubu inang'aa. Ukaweka kikombe chini, ukaigusa, ukalia. Ukasema, "Baba angeiona hii angepona roho." Na mimi nikiwa na chaki vidoleni, nikasema ndiyo, mama.

Ukatoka. Nikachukua puti nikaziba. Nikapiga msasa. Nikapaka rangi ya kijani, tabaka mbili, na Jumamosi majirani wakaja kuitazama, mkanipiga picha nimeiegemea, Mwalimu akaituma kwa ukoo mzima. Nimefanya jambo lile lile mara mbili, wanangu. Mara ya kwanza ningeweza kusingizia kutojua. Hii ya pili nilikuwa naujua mkono wa mtu unavyofanywa na shingo ile, na najua ni nani atakayesimama chini yake Jumatatu, kwa sababu nimemzaa. Wiki tano nimelala hapa nikisikia unavyoiandaa, unaipaka oili, unaimba. Sikujua kwamba nisipokuwepo unaimba kazini. Ningekufa wiki iliyopita ningekuacha nayo.

Mwalimu, nimekuona. Umemkonyeza. Nilijua utafanya. Unaona ni rahisi zaidi baba awe amerukwa na akili kuliko awe hivi alivyo. Sina nguvu za kubishana. Dada yako ana mafuta ya taa na ana chaki, akwangue rangi shingoni, atazame kwa macho yake. Wewe unainamisha kichwa, binti yangu, kwa hiyo wewe umeshaniamini. Ulikwisha kuigonga, sivyo? Uliisikia. Ukasema moyoni baba hawezi kukosea. Usilie. Aliyefundishwa kuniamini hana kosa.

Basi fanyeni hivi. Chukueni nyundo kubwa, ivunjwe. Isitengenezwe, isirudishwe kwa mchomeleaji, isisimamishwe mlangoni kama kumbukumbu. Mwenye chuma chakavu apewe ikiwa vipande, isitoke hapa nzima, kwa sababu ikitoka nzima kuna fundi mahali atapenda rangi yake. Mwenye malori aambiwe tumeshindwa.

Unauliza nini, mama? Sema kwa sauti, masikio yangu nayo… Unauliza baba yako alipopiga magoti, kama nilikuwa najua.

Nilikuwa najua. Alipopiga magoti nilikuwa najua, na nilipomwinua nilikuwa najua.

Mwacheni. Kaeni chini wote wawili, mwacheni aende, msimfuate kumbembeleza, mkimfuata mtamwambia maneno ya kunitetea. Amechukua mkoba wake? Vizuri. Mmeona alivyofanya? Kabla hajatoka amenisogezea kikombe mahali mkono wangu unapofika. Afadhali angenitemea mate.

Hapana, sitaki maji. Acha.

Kuna moja… nishikeni kidogo, niinueni kwenye mto. Kuna moja bado. Mama mdogo wenu, mjane wa mdogo wangu. Kila akiniona ananiamkia kwa kupiga goti, anasema Mungu anilipe. Huyo naye aambiwe. Nilitaka kumwita hapa na leo asubuhi nikaogopa, ndiyo maana hayupo. Hata leo nimeogopa. Nendeni kwake ninyi, nendeni leo, kabla binti yake hajafika peke yake na mzigo huo. Msingoje nife. Nikishakufa mtaona vibaya kumsema maiti, mtasema tuyaache, mzee amepumzika, na watu watakuja na sifa zao, na mkishanisifu kaburini hamtaweza kurudi nyuma. Nawajua. Mimi ndiye niliyewafundisha kunyamaza.

Hatanisamehe. Msiende kumwomba anisamehe, msithubutu kulitaja neno hilo mbele yake. Mimi sina cha kupewa tena. Nendeni mkampe kilicho chake tu.

Kama baraka yangu bado ina uzito… sijui kama inao. Mungu awape usingizi, wanangu. Usingizi mzuri tu. Na yule aliyetoka, ampe… ampe mtu wa kumwamini, baada ya mimi. Sina kingine.

Siku ya kunizika, mtu akisimama kusema kwamba nilimsamehe mdogo wangu, mkatizeni. Hata akiwa mkubwa kwenu. Mkatizeni… Mwambieni mama mdogo wenu… sogea, sogea karibu, sauti inaniishia… mumewe alipolala pale sakafuni alisema neno moja. Alilisema mara moja tu, halafu tukamfanya asiliamini mwenyewe. Mwambieni… mwambieni alisema kweli.